Shangazi hakuficha kitu: uchambuzi wa kisa cha pilau iliyoharibika siku ya mahari

Kisa hiki kilitokea Tanga mjini, mitaa ya Ngamiani, ambako kina mama wa nyumba zinazopakana wana desturi ya kukutana Jumapili moja kila mwezi, kila mtu na chakula chake. Hakuna mchango wala mgeni rasmi. Unapika kwako, unafunika na kawa au unatia kwenye hotpoti, unavuka barabara, mkeka unatandikwa, mnakula. Mwenye kwao Moshi huleta mtori. Mwenye kwao Pangani huleta samaki wa kupaka ambaye nazi yake imeshika hadi kwenye miiba. Yupo anayeleta kisamvu cha nazi na karanga, na ukichelewa kidogo unakuta bakuli limeshafutwa na mkate.

Mazungumzo ya pale hayana siri kubwa. Mtu akionja akatingisha kichwa, swali linalofuata ni moja: umetia nini? Na aliyeulizwa hujibu kwa furaha, huku mkono mmoja ukihesabu vidole vya mwingine. Swali hilo la "umetia nini" ndilo lililozaa ugomvi, kwa hiyo msomaji alishike.

Katika kundi hilo yupo mama mtu mzima ambaye wote wanamwita Shangazi. Pilau yake inajulikana. Ni ile ya kahawia iliyokolea, punje zimeachana, viazi vimenywa supu bila kupasuka, na harufu yake inatangulia kabla mfuniko haujafunguliwa. Mama mmoja kijana, jirani yake wa ukuta kwa ukuta (nitamwita Jirani), alikuwa na shughuli ya kupokea mahari ya binti wa dada yake. Wageni wapatao hamsini. Akamwendea Shangazi wiki moja kabla: "Shikamoo Shangazi, naomba unifundishe ile pilau yako." Shangazi akamwambia kila kitu, akakaa naye barazani mpaka adhana ya magharibi. Jirani akaandika.

Siku ya siku pilau ilitoka nyeupe, imeshikana, chini imeungua na katikati ni mashendea. Wageni walikula kwa adabu. Wakwe walisifia kachumbari.

Kesho yake maneno yakaanza. Shangazi kabania. Shangazi kachomoa kitu kimoja makusudi, ili pilau yake ibaki yake. Mimi naingia hapa kwa sababu nafundisha upishi na pande zote mbili zinanifahamu. Nilimsikiliza Jirani, nikamsikiliza Shangazi ambaye alikuwa amenuna na Jumapili iliyofuata hakutokea, kisha nikawaomba jambo moja tu: wapike pamoja, ua mmoja, wakati mmoja, kila mtu kwa namna yake, mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda kati yao.

Kabla ya hapo niliomba karatasi ya Jirani. Ilikuwa na upande mmoja uliojaa. Karibu theluthi mbili zilikuwa viungo: bizari ya pilau (ile ambayo wengine huiita bizari nzima au uzile) vijiko viwili, mdalasini vipande vitatu, hiliki kumi, karafuu nane, pilipili manga, kitunguu thomu, tangawizi. Karafuu ilipigiwa mstari mara mbili na pembeni ameandika "ya Pemba". Upishi wenyewe ulikuwa na mistari minne. Kuhusu vitunguu maji liliandikwa neno moja: kaanga. Kuhusu maji: "mchele 1, supu 2".

Wapishi wa nyumbani tukipendana tunapeana viungo, kwa sababu viungo ndivyo vinavyosisimua. Hakuna anayepanda barazani kusimulia namna anavyosubiri kitunguu kikauke. Na utamu wa pilau umekaa sehemu kubwa kwenye hayo yasiyosimuliwa.

Maji

Nianze na maji, kwa sababu ndiyo yaliyoharibu zaidi na ndiyo yaliyoonekana kuwa na kipimo kilicho wazi kuliko vyote. Moja kwa mbili. Nani atakosea moja kwa mbili?

Shangazi anapima kwa kikombe cha bati. Nilimwangalia anavyopima mchele: anazamisha kikombe kwenye ungo na kukitoa kikiwa na kilima juu, hakisawazishi. Kisha anapima supu kwa kikombe kilekile. Supu ni ya moto, imetoka kuchemsha nyama, kwa hiyo hakijazi hadi ukingoni; anaacha nafasi ya kidole ili asiungue. Nilivimimina vyote viwili kwenye chombo chenye alama za mililita. Kikombe chake cha mchele kilizidi kama asilimia 15, cha supu kilipungua kiasi hichohicho. Piga hesabu: vikombe viwili vya supu vilivyopungua, juu ya kikombe kimoja cha mchele kilichozidi, ni karibu moja kwa moja na nusu. Miaka yote anasema mbili na mkono wake unatia moja na nusu. Nilipomwonyesha akacheka, "Kumbe!" Hakuwa anadanganya. Alikuwa anataja idadi ya kuchota.

Jirani, kwa upande wake, ni mtu makini. Alipima kwa kikombe cha plastiki chenye mistari, akasawazisha mchele kwa kisu, akajaza supu mpaka mstari. Mbili kamili. Umakini wake ndio uliomponza.

Halafu kuna kosa la pili ndani ya kosa hilo, na hili linawapata hata wapishi wazoefu wanapopandisha kiasi. Shangazi hupika kilo moja. Jirani alipika kilo sita kwenye sufuria moja kubwa, akazidisha kila kitu mara sita. Mchele mkavu unahitaji maji yanayolingana na ujazo wake, au zaidi kidogo, ili uive. Yanayobaki kwenye kipimo ni ya kupotea kwa mvuke. Sasa mvuke haujui una kilo ngapi ndani. Unafuata upana wa mdomo wa sufuria, ukali wa moto, mfuniko umekaa vipi, na muda. Ukizidisha mchele mara sita, mdomo wa sufuria haupanuki mara sita, wala muda wa kuchemka hauwi mara sita.

Kilo moja ya mchele ni kama vikombe vitano vya robo lita. Shangazi anaweka kama vikombe saba na nusu vya supu, mchele unakunywa vitano na nusu au sita, na kinachobaki kinatoka kwa mvuke. Hesabu imefunga. Kilo sita ni vikombe 30. Jirani aliweka 60, yaani lita 15. Mchele ule haukuweza kunywa zaidi ya lita tisa hivi. Hata ukiwa mkarimu kwa mvuke, lita kadhaa zilibaki humo zikizunguka bila kazi, na wanga ulipoendelea kuloa punje zikapasuka. Yeye alipoona maji hayaishi akaongeza moto, chini kukaungua. Alipoona chini kunaungua akakoroga. Kukoroga mchele uliokwishalainika ni kuusaga.

Na alikuwa ameuloweka tangu alfajiri "ili uive haraka", bila kupunguza supu hata tone. Mchele uliolowa unaingia chunguni ukiwa umeshabeba sehemu ya maji yake.

Vitunguu

Hili nitalikalia kidogo, kwa sababu hapa ndipo rangi na utamu vinapotoka, na watu wengi wanadhani vinatoka kwenye bizari.

Kitunguu maji karibu sehemu tisa kwa kumi ni maji. Kilo moja ya vitunguu ukiitia kwenye mafuta umeingiza humo karibu lita ya maji, na maji hayo yakiwa bado yapo, joto la kitunguu haliwezi kupita sana nyuzi 100. Kwenye nyuzi 100 kitunguu kinachemka. Kinalainika, kinakuwa cha njano, kinanukia vizuri tu, lakini hakigeuki kahawia. Ule ukahawia, wenye utamu na harufu ya nyama hata kabla nyama haijaingia, unaanza maji yakishatoka na joto likapanda mpaka nyuzi 140 na zaidi.

Shangazi anakata vitunguu vinne vyembamba, vinalingana. Anatia kwenye mafuta yaliyopata moto bila chumvi, kwa sababu chumvi inavuta maji yatoke mapema. Mwanzo sauti ni kubwa, inachuruzika. Baada ya muda sauti inapungua, inakuwa nyembamba. Hapo ndipo anaposogeza kigoda. "Sasa usiondoke," alimwambia Jirani. Alikuwa hajawahi kumwambia hivyo kabla. Vikifika rangi ya maganda ya tende anatia kijiko kikubwa cha supu. Vinalia, vinayeyuka kidogo, mafuta yote yanageuka kahawia. Kisha thomu na tangawizi, kisha bizari, kisha nyama iliyokwishachemshwa. Kazi ya vitunguu peke yake ilikaribia nusu saa.

Jirani siku ya mahari alikuwa na zaidi ya kilo tatu za vitunguu kwenye sufuria moja, vimelaliana. Lita karibu tatu za maji. Vitunguu vile havikukaangwa, vilichemshwa kwa maji yao wenyewe. Saa moja ilikuwa imekwenda, wakwe wameshapiga simu wako Mkwakwani, palepale mjini, akatia nyama vikiwa vya njano. Pilau ikatoka nyeupe, na alipoona weupe akaongeza bizari ya unga kwa kudhani ndiyo rangi. Ukali ule wa bizari mbichi ndio uliowafanya wageni waulizie maji ya kunywa.

Kwa kiasi kikubwa cha chakula dawa inajulikana kwa wapishi wa shughuli: vitunguu vinakaangwa kwa mafungu, jana yake au asubuhi, kwenye mafuta mengi, vinachujwa, vinawekwa. Mpishi wa kilo moja hana sababu ya kulijua hilo. Shangazi hajawahi kupikia watu hamsini.

Viungo, mchele, moto

Kuhusu viungo sina mengi. Karafuu haizidishwi mara sita. Mafuta yake yana eujenoli, kitu kilekile kinachotia ganzi ya jino, na ikizidi ulimi unalala. Jirani alitia 48. Shangazi hutwanga bizari siku hiyohiyo na kuitia kwenye mafuta, kwa kuwa harufu ya viungo hivi inayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Jirani alinunua iliyosagwa, ya kupimiwa sokoni, isiyojulikana imekaa miezi mingapi. Ni tofauti, ila pilau isingeharibika kwa hilo peke yake. Waliokuwa wakitafuta "kiungo kilichofichwa" walikuwa wanapekua mfuko ambao haukuibwa.

Mchele una uzito zaidi. Wote wawili walitumia unaoitwa wa Kyela, na sokoni si kila unaoitwa hivyo umetoka Kyela, lakini tuseme ndio. Wa Shangazi ulikuwa wa msimu uliopita, umekaa kwenye ndoo yenye mfuniko. Wa Jirani ulikuwa mpya, wa mavuno ya mwaka huohuo. Mchele mpya una unyevu zaidi, unanukia zaidi, na unashikana zaidi. Kwa wali wa nazi nitauchukua mpya bila kufikiri. Kwa pilau, ule uliokaa una punje zinazovumilia.

Moto ndio uliozua mjadala mkubwa uani. Shangazi anapikia mkaa. Mchele ukishakausha supu anapunguza makaa chini, anaweka mengine juu ya mfuniko, anapalia. Joto linatoka pande mbili, kidogo kidogo, na mvuke uliobaki unamalizia punje za juu. Kwenye maelezo alisema, "unapalia, basi." Jirani ana jiko la gesi. Utapalia nini? Alifunika, akaacha moto mdogo, na mdogo wa jiko kubwa la gesi chini ya sufuria ya bati nyembamba bado ni mkali, tena unapiga duara moja la katikati.

Jambo hili litazidi kutokea. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Mimi naunga mkono. Nimevuta moshi wa kutosha. Ila mapishi mengi tuliyorithi yana neno "palia" mahali fulani, na mwenye gesi anaachwa ajitafutie. Siku ile tulijaribu kuweka chuma cha chapati juu ya gesi, sufuria juu yake, na kitambaa safi chini ya mfuniko kinywe matone, ncha zake zimekunjwa juu zisishike moto. Punje ziliachana vizuri.

Nani alaumiwe

Nimeulizwa hivyo, na sitajificha nyuma ya "wote wana haki". Tuhuma ya kubania haikuwa na msingi na walioieneza walipaswa kwenda kwa Shangazi kabla ya kwenda dirishani kwa jirani mwingine. Mtu aliyekaa na wewe barazani saa nzima akikuhesabia karafuu hakufichi kitu.

Lakini tuhuma hiyo ina asili, nayo haikuanzia Ngamiani. Wapo wapishi wanaopunguza kimoja kwa makusudi, kila familia inamjua wake, na ndiyo maana chakula kikiharibika akili inakimbilia huko kwanza. Pia ni rahisi kwa moyo. Kama kuna kitu kimefichwa, basi mimi sikukosea.

Shangazi naye ana sehemu yake, ndogo. Alijua kuwa ni wageni hamsini na hakuuliza sufuria gani, moto gani, mchele upi. Nilipomwuliza kwa nini hakumwambia Jirani kuhusu sauti ya kitunguu, alinitazama kana kwamba nimemwuliza kwa nini hakumwambia avue viatu. "Mwanangu, hilo nalo la kusema?"

Na Jirani hakuuliza. Aliandika bizari kwa kijiko na karafuu kwa idadi, akaridhika na "kaanga". Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha swali la Jumapili, ningeweka badala yake: ulijuaje kuwa imefika? Swali hilo linamlazimu mpishi aseme rangi, sauti, muda, kitu mwiko unachohisi. Kipimo cha viungo mtu atakirekebisha kwa ulimi wake. Hatua iliyorukwa hairekebishiki mezani.

Wapo watakaosema basi tuandike kila kitu kwa gramu na mililita. Inasaidia kwa mkate wa kumimina na keki. Kwa pilau, nimeona gramu zikimdanganya mtu kama vikombe vilivyomdanganya Jirani, mradi sufuria na moto ni vingine. Kumkalia mtu jikoni mara moja kunashinda karatasi tatu.

Mara ya pili

Miezi michache baadaye ilikuja hitima kwenye nyumba ya Jirani na akaamua kupika mwenyewe tena, jambo ambalo lilihitaji ujasiri. Shangazi alikuja alfajiri bila kuitwa, na kigoda chake. Vitunguu vilikaangwa usiku wa jana yake kwa mafungu manne. Kilo sita ziligawanywa sufuria mbili za kilo tatu. Supu ilikuwa kama lita tano kila sufuria: mchele vikombe 15, supu vikombe 20, tukimwachia Shangazi uamuzi wa kikombe cha mwisho, ambacho hakukitia. Karafuu kumi na mbili kila sufuria. Sufuria moja iliwekwa kwenye gesi juu ya chuma cha chapati, nyingine ikapaliwa kwa mkaa.

Zote mbili zilitoka. Ya kahawia, inachambuka, chini kuna ukoko mwembamba ambao watoto waligombea. Shangazi alionja ya gesi akasema pilipili manga imezidi na harufu ya moto haipo. Jirani akasema harufu hiyo ni moshi tu, wala si pilau. Mama mwenye kwao Moshi alionja zote akataka kujua kwa nini nyumba hii inatia viazi kwenye pilau wakati kwao Krismasi haviwekwi, na hapo kila mtu akaanza kusema kwa wakati mmoja.

Shangazi ameshaanza kuhudhuria Jumapili tena. Mwezi uliopita alileta mkate wa mofa, na Jirani ameshapangiwa siku ya kwenda kumkalia jikoni.